Mwanangu anajua misa yote kichwani, kusoma hajui

Bibi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, nauza chakula karibu na stendi. Baba yao muda mwingi yuko Newala kwenye mikorosho yetu, huku anakuja msimu ukiisha. Ninayekuandikia habari zake ni mtoto wa pili, wa kiume, ana miaka kumi, yuko darasa la tatu katika shule ya masista, hizi za mchepuo wa Kiingereza. Darasa la pili alilisoma mara mbili.

Mtoto huyu ni mtumikizi wa misa. Ukimwona altareni hutaamini ninayokwambia. Kengele anajua ipigwe wapi, vichupa vya divai na maji havichanganyi, nyimbo za mwanzo hadi za kutoka anaziimba bila kitabu. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katekista aliwauliza mmoja mmoja, wangu akajibu yote bila kusitasita, hadi katekista akanivuta pembeni akasema mama, huyu mpeleke seminari. Na mwenyewe ndilo analolitaka, kila siku ni seminari ya Namupa, Namupa.

Mimi nilidhani anasoma, Bibi. Jioni nikisonga ugali yeye anakaa kwenye kigoda ananisomea kitabu cha shule, kwa sauti, na kidole kinafuata mstari. Mwezi wa pili siku moja alifunua kurasa mbili kwa pamoja, zilikuwa zimegandana kwa mafuta ya maandazi. Akaendelea na hadithi ya ukurasa uliorukwa, kama kawaida. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini ng'ombe na mvua navijua. Picha ilikuwa ya ng'ombe, yeye anasoma mvua. Nikaweka kidole kwenye neno moja, nikamwambia hili ni nini? Akaangalia mlangoni. Kumbe usiku dada yake humsomea, mara mbili tatu, yeye anashika kichwani.

Nilimpiga. Sikufichi. Nilimpiga na mwiko uleule wenye ugali, kwa hasira ya kudanganywa mwaka mzima.

Shuleni nako anapigwa. Imla ya maneno kumi, kila neno alilokosa fimbo moja. Siku ya imla tumbo linamuuma tangu alfajiri.

Muhula ulipoisha Sista mkuu wa shule aliniita. Hakuwa mkali. Alisema mama, mwakani ni darasa la nne, kuna upimaji wa taifa, huyu hatafikia wastani wa shule, ni vizuri mkamtafutia shule inayomfaa. Nikamuuliza ipi. Akasema za serikali ziko zenye kitengo cha elimu maalumu. Kitengo! Nilitoka pale sikumbuki barabara nilivukaje.

Mume wangu anasema ni uvivu, na pesa ya korosho haiwezi kuliwa na mtoto asiyetaka. Ana haki ya kuumia, mwaka juzi ada ya awamu ya kwanza tuliipata kwa kangomba, yaani kuuza korosho kabla ya mavuno kwa bei ya chini, mnada ulipofunguliwa tukabaki kulia. Anataka amrudishe Newala apite jando ashike jembe. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Msomi wa nyumba yetu ni binti mkubwa, yuko kidato cha pili, hata baba yake karatasi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, humsubiri yeye aje amsomee.

Nimhamishe? Nimwache wamtoe wenyewe? Au kweli nimtafutie maombi?

Mama Mtumikizi, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye zile kurasa zilizogandana. Hebu fikiria kazi aliyoifanya mtoto huyo. Anasikiliza ukurasa wa lugha isiyo yake usiku, anaushika wote, kesho yake anaketi mbele ya mama anaendesha kidole juu ya mistari kwa mwendo unaolingana na sauti. Mwaka mzima! Mvivu hawezi kazi hiyo. Huyu alikuwa anafanya kazi mara mbili ya wenzake ili usijue.

Nami nina langu la kuungama. Nilifundisha madarasa ya chini miaka mingi huku Lindi, kuanzia Nachingwea. Nilikuwa na binti mmoja, dada kwake ni baba, baba ni dada, kalamu akiishika mkono unatoka jasho hadi karatasi inalowa. Nilimchapa. Nilikuwa na watoto themanini na fimbo moja, nikadhani fimbo ndiyo itakayofupisha safari. Sasa ni fundi cherehani hodari, na miaka michache nyuma nilikwenda kwake kushona gauni la harusi ya mjukuu. Akanipima kwa uzi. Kiuno akafunga fundo, bega akafunga fundo, urefu akafunga fundo, uzi akauning'iniza msumarini pamoja na nyuzi za wateja wengine. Nikamuuliza, mbona huandiki? Akacheka. "Mwalimu, si unajua." Gauni lilinikaa kama ngozi.

Kwa hiyo unaponiambia umempiga, sina jiwe la kukurushia. Ila mwambie mtoto, kwa maneno, kwamba ulikosea. Litamsaidia kuliko maombi yote unayofikiria kumpeleka. Na huo mkono wa mtu wa mama mkwe, mwitikie kwa heshima, kisha endelea na safari yako.

Kabla ya shule, anza na macho na masikio. Ukiwa mjini hapo, hospitali ya Ligula ni pua na mdomo. Waambie wampime yote mawili, na kama utotoni aliwahi kutoka usaha sikioni wataje, maana mtoto asiyesikia vizuri tofauti ya p na b hawezi kuiandika. Ukikuta tatizo liko hapo, umepona kwa bei ya miwani au dawa.

Ukikuta macho na masikio ni mazima, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwakubwa maneno ya Kiswahili anayoyajua: kuku, samaki, mihogo, kengele. Mengine yatunge mwenyewe, yasiyo na maana yoyote: tebi, mafoku, sudeli. Haya ya kutunga ndiyo muhimu. Kichwa cha mwanao ni ghala, ukimpa neno analolijua atalitoa ghalani akujibu bila kusoma. Sudeli haimo ghalani. Hapo itabidi aunganishe silabi mwenyewe, na wewe utaona.

Kama atasoma sudeli na mafoku bila shida, basi kusoma anajua. Kilichomshinda ni Kiingereza, alifundishwa herufi katika lugha ambayo hajailala wala kuiamkia. Hilo ni tatizo la lugha, dawa yake ni nyingine na ni nyepesi zaidi. Lakini kama atakwama, akaruka silabi, akageuza b ikawa d, akasema "sudi... sule..." huku jasho linamtoka, basi kuna kitu wataalamu wanakiita disleksia. Ni namna ubongo ulivyozaliwa, unapata shida kuifunga sauti na herufi yake. Haihusiani na akili. Wapo wenye shida hiyo wanaokokotoa hesabu za kichwani kuliko walimu wao, wapo wanaofungua redio na kuirudisha, na wapo, kama wako, wanaoshika misa nzima.

Kiswahili kina huruma kwa watoto hawa. Herufi zetu hazidanganyi, a ni a kuanzia Kitaya hadi Kilwa. Kwa hiyo katika Kiswahili mtoto wa namna hii mara nyingi hufika, atasoma sawasawa ila polepole, na atachoka mapema. Kiingereza ndicho kinachomvunja, kwa sababu herufi moja ina sauti nne na nyingine imekaa tu haitamkwi. Wazazi wengi hapa kwetu wakisikia ingilishi midiamu wanaona mlango wa peponi. Sisemi ni vibaya. Nasema kwa mtoto huyu ni mlima juu ya mlima.

Sasa kitengo, neno lililokufanya usahau barabara. Vitengo vya elimu maalumu viko kwa ajili ya watoto wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, na walimu wake wengi wamesomea Patandi kule Arusha, ni watu ninaowaheshimu sana. Hakuna aibu ndani yake. Ila mtoto anayejibu katekisimu yote bila kusitasita hana la kufanya kwenye kitengo cha ulemavu wa akili. Sista hapo amepiga ramli, amemweka pasipo pake kabla ya kumpima. Omba kuonana na afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Kazi yake mojawapo ni hiyo, kumpima mtoto na kuandika alichokiona. Ile karatasi yake utaihitaji, nitakwambia kwa nini.

Ukiwa nayo, rudi kwa Sista. Usiende na baba mwenye hasira, wala usiende na machozi. Nenda na katekista.

Ndiyo, katekista. Maana huyo ndiye mwalimu pekee aliyewahi kumpima mwanao kwa njia inayomfaa. Alimuuliza kwa mdomo, akajibu kwa mdomo, na Kanisa likaridhika likampa Komunyo. Hakuna aliyesema aandike kwanza. Shule hiyohiyo ya Kanisa, iliyo kwenye uwanja uleule wa parokia pengine, inasema mtoto hajui kitu. Huo ndio mzigo wa kumwekea Sista mezani, kwa upole. Kama shirika lake ni la Wabenediktini, kama walivyo wengi huku kusini tangu enzi za misheni za Nyangao na Lukuledi, na Ndanda iliyofunguliwa 1906, basi anajua kuliko mimi kwamba sura ya pili ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inamtaka abate azifuate tabia za wengi, mmoja kwa upole, mwingine kwa karipio, mwingine kwa kumshawishi. Usimsomee wewe. Mtu hapendi kusomewa kitabu chake.

Omba vitu vidogo, vinavyotajika, visivyohitaji pesa. Akae mbele. Asiitwe ghafla kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Akitakiwa kusoma, apewe aya yake jana yake. Katika sayansi na jiografia mwalimu amsomee swali, ajibu kwa mdomo pale inapowezekana, ili apate alama ya anachokijua, asipoteze kwa kuandika vibaya jina la moyo au mapafu. Imla iwe maneno manne yanayofanana mwisho, badala ya kumi yaliyookotwa huku na huku. Mwalimu mmoja mwenye nia anaweza yote haya hata akiwa na watoto hamsini. Nimeona wakifanya, nimeona pia wanaosema haiwezekani, na tofauti haikuwa idadi ya watoto.

Fimbo za imla ziseme wazi, hapo usinong'one. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa kosa kubwa la nidhamu, na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosea neno si utovu wa nidhamu. Na maneno kumi kwa fimbo kumi, hata hesabu yenyewe imepita kanuni.

Suala la wastani liache mwisho, na ulitoe tu kama mlango umefungwa. Wizara ya elimu imeshazikataza shule zisizo za serikali kumkaririsha au kumhamisha mtoto kwa sababu hajafikia wastani ambao shule imejiwekea yenyewe. Iko pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Ukianza na sheria, Sista atamwita mwanasheria wa jimbo na mwanao atakuwa kesi. Ukianza na katekista, atabaki kuwa mtoto.

Kuhusu darasa la nne. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini anayesajili ni shule, na mtoto ambaye shida yake haionekani usoni hapewi dakika hata moja kama hakuna karatasi inayomsemea. Ndiyo maana nikasema ya afisa elimu maalumu uitunze. Mapema, isiwe wiki ya mtihani.

Nyumbani hutahitaji mwalimu wa tuisheni. Unahitaji dakika kumi na tano, kila siku, kabla hajachoka, na mchanga, ambao Mtwara tumejaliwa. Sinia la mchanga. Herufi moja kwa siku mbili au tatu: aichore kwa kidole huku anaitamka, aifute, aichore tena. Akishaijua iunganishe na irabu, ma me mi mo mu, ileile ya zamani tuliyoimba sisi, haijaharibika. B na d zitenganishe kwa wiki kadhaa, usizifundishe pamoja hata kidogo. Kata boksi la sabuni utengeneze kadi za silabi, mpange naye maneno kama dhumna. Akikosea mwambie silabi sahihi, songa mbele. Na dada asiache kumsomea usiku! Ila sasa iwe kwa ruhusa, si kwa siri, naye aende na kidole kwenye neno linalosomwa.

Umeniuliza umhamishe. Jibu langu ni kwamba si mwezi huu. Mpe Sista mihula miwili kamili baada ya mazungumzo hayo. Ukiona mtoto bado anaumwa tumbo alfajiri, mtoe, mpeleke shule ya kawaida ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, ada haipo, na usione aibu mbele ya mtu. Darasa litakuwa limejaa, sikudanganyi, na huenda mwalimu asimjue jina hadi Juni. Lakini lugha itakuwa upande wake. Kati ya shule nzuri inayomtia hofu na shule iliyojaa asiyoiogopa, mimi ningechagua ya pili. Masista wengine watanikasirikia kwa hilo, lakini ndivyo nionavyo.

Namupa nayo usimkatishe. Yohane Maria Vianney Kilatini kilimshinda hadi seminari ya Lyon ikamrudisha, paroko aliyemlea akasimama naye, akapata upadre 1815, na leo ndiye msimamizi wa maparoko. Mtoto wako hajui habari hizo. Msimulie, kwa kusikia tu atazishika.

Limebaki la mume. Umeandika kwa kupita kwamba karatasi za AMCOS humsubiri binti amsomee. Mkulima wa korosho anayeacha stakabadhi ya mavuno yake kwenye droo hadi mtoto afunge shule, mwanangu, huyo shida yake si miwani. Disleksia hutembea katika ukoo, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na walioikuta zamani hizo walipigwa hadi wakaacha shule, wakajifunza kusema "kusoma hakunisaidii". Anapomwita mwanawe mvivu, inawezekana anarudia neno aliloitwa yeye. Sijui ukoo wenu, naweza kukosea. Lakini usimuulize. Ukimuuliza atakataa, na ugomvi utahamia kwako.

Akishuka kutoka Newala, jioni, tandika mkeka ukumbini badala ya chumbani. Leta sinia la mchanga. Mtoto afanye silabi zake kama siku zote, wewe endelea na vyungu vyako, baba akae kwenye kiti chake. Usimwite. Kadi zikimwagika karibu na mguu wake, ziache hapohapo.